Juu ya Mashine ya Kusaga

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana na Kaka ameacha bendi. Yote mawili tulikuwa tunayatarajia, na yote mawili yametukuta na nguo kwenye kamba.

Nilipopanda kwenda mazoezini nilimkuta keshafika, jambo ambalo si kawaida yake. Chumba chetu kiko juu ya mashine ya kusaga nafaka. Sakafu inatetemeka, na ukifika juu nyusi zako zimeshakuwa za mzee kwa unga. Kaka alikuwa anafuta gitaa lake kwa kitambaa, polepole mno. Nikajua.

"Breki, kaa kwanza," akasema.

Breki ni mimi. Nafundisha udereva, na miaka yote hii ya kukanyaga breki ya upande wa mwalimu imenipa jina ambalo hata Mama hulitumia akiwa na hasira.

"Sikai. Sema."

"Ile hoteli mpya wananitaka. Kila jioni, mshahara wa mwezi. Wifi yako ana mapacha tumboni. Unajua mapacha wewe? Ni mtoto, halafu mtoto."

"Na albamu?"

"Mtaimaliza."

Alisema "mtaimaliza" kirahisi, kana kwamba si yeye aliyetunga nyimbo zote za albamu ya kwanza na kututoa kwenye kupiga nyimbo za watu. Kinyozi, mwimbaji wetu, ambaye pia hupiga gitaa la pili, alifungua mdomo na hakuna kilichotoka, na huyo ni mtu ambaye huwasimulia wateja wake habari za dunia nzima kabla hajafika kisogoni. Radi, mpiga dramu, fundi viatu mpole kuliko jina lake, alisimama, akamshika Kaka mkono, akarudi kukaa.

Nimeumia, na sioni sababu ya kujificha katika daftari langu mwenyewe. Miaka tisa nimepiga besi nikiangalia mguu wa kulia wa Kaka. Ukinyanyuka najiandaa, ukishuka naingia. Sijawahi kuanza wimbo hata mmoja bila mguu ule. Sasa nitamwangalia nani?

Jumapili, 3 Machi

Mama kasema, "Kaondoka bendini, hajaondoka ukooni. Alisahau mwavuli wake hapa. Mpelekee." Nimeupeleka. Niliuegemeza mlangoni, nikagonga, nikaondoka kabla hawajafungua.

Jumanne, 5 Machi

Leo tumeitwa na Bosi. Lebo yetu ni mtu mmoja na chumba kimoja. Bosi alikuwa fundi redio, na bado ni fundi redio. Nyuma ya redio zilizofumuliwa matumbo ndiko zinakotoka kanda za bendi nne ambazo hakuna kampuni kubwa iliyozitaka. Hurekodi wakati wa mvua tu, kwa sababu kiangazi ukumbi anaoutumia hujaa harusi. Na kwake wote mnapiga pamoja, mwanzo hadi mwisho. Mmoja akikosea, mnarudia wote. "Kukata na kuunga nenda kwa fundi cherehani," ndiyo salamu yake.

"Nasikia bendi imekatika kichwa," akasema bila kuinua macho kwenye redio.

"Kichwa kipo," nikamjibu. "Kimehamia hotelini."

"Sawa. Mvua zikiisha sina ukumbi, na msimu ujao nimeshawaahidi wengine. Nileteeni nyimbo nane za bendi. Sitaki nyimbo nane za watu watatu wanaomlilia mtu."

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Ama albamu kabla mvua hazijakatika, ama tubaki bendi iliyowahi kutoa albamu moja, kama zile bendi ambazo watu huzitaja kwa kukuna kichwa.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Mwanafunzi wangu, daktari wa meno, amezima gari mara nne mbele ya dimbwi moja. Anasema anaogopa asichokiona chini yake. Nikamwambia hata mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Tumejaribu watatu. Kinyozi alijifanya Kaka, akapiga sehemu zake huku anaimba zake, akashindwa zote mbili. Kila wimbo una pengo katikati, na sote tunalizunguka kwa adabu.

Jumamosi, 16 Machi

Kinyozi kaleta mtu. Alikuwa anamnyoa mteja mmoja shingo, wakaongea (yaani Kinyozi akaongea), ikajulikana kuwa mkewe anapiga kodiani, kinanda kile cha kuvuta na kubana.

"Bendi ya roki na kodiani?" nikauliza. "Tumeishiwa kiasi hicho?"

"Msikilize kwanza, dada yangu. Usifunge breki gari halijawaka."

Ni mwanamke wa umri wangu, muuguzi wa wodi ya wazazi, ana viatu vyeupe ambavyo Radi alivitazama kwa heshima ya kikazi. Kodiani ilikuwa ya baba yake. Ameibeba mgongoni kwa mikanda, na kutoka nyuma unaona sanduku lenye miguu. Nikamuuliza huwa anampigia nani.

"Watoto wakikataa kulala," akasema. "Na wakati mwingine mama zao."

Tukakaa kimya kwanza kama desturi yetu, kila mtu ameinamia waya zake, chini mashine inanguruma. Kaka hakuwahi kuruhusu kidude cha kutyunia, kile cha kupimia sauti za waya, kiingie chumba kile. Bendi isiyoijua sauti yake bila kidude, alikuwa akisema, iuze vyombo ikanunue baiskeli. Tulipokuwa tayari tukaanza ule wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza, ambao tunaupiga hata tukiwa usingizini.

Loo! Ilikuwa ni maziwa yaliyolala. Kila alipogusa kodiani, wimbo ulichachuka. Alipiga noti alizopaswa kupiga, vidole havikukosea, na bado sote tulikunja nyuso. Tukaurudia, ukawa vilevile. Akasema labda ni unyevu, atarudi wiki ijayo. Ana sauti ya taratibu inayonikera.

Jumamosi, 23 Machi

Amerudi, na uchachu umerudi naye. Baada ya wimbo wa tatu uvumilivu ulinishinda.

"Dada, samahani, lakini kodiani yako ina homa."

Hakukasirika. Aliifungua, akaifunga, akatoa noti moja ndefu, akasikiliza. "Kodiani haikazwi wala hailegezwi kama gitaa," akasema. "Sauti zake zilifungwa humo tangu kiwandani. Anayeweza kusogea hapa ni ninyi."

"Sisi tuna miaka tisa hatujasogea."

"Ndiyo ninachosikia."

Kinyozi akacheka, na mimi hapo nikawaka. Nikamwambia hii ni bendi yenye albamu sokoni, siyo wodi ya kubembelezea vichanga. Maneno mengine siyaandiki. Alifunga mikanda yake taratibu, akamuaga kila mtu, hata mimi, akashuka ngazi. Radi, ambaye mwezi mzima hajasema lolote la maana, akasema, "Umekosea, Breki."

Alhamisi, 28 Machi

Kaka kapiga simu. Hotelini hakuko shwari, mpiga piano wao analalamika kila jioni kwamba gitaa la Kaka limelala, sauti iko chini. Nikamwambia huyo mpiga piano hana masikio. Ndugu ni ndugu. Akaniuliza kama nitakwenda kumwona wifi. Nikasema nina mazoezi, na yalikuwa hayapo.

Jumamosi, 6 Aprili

Wiki nzima mvua. Bosi anauliza. Tunazo nyimbo nne zinazosimama wima zikiegemezwa ukutani. Ya tano ni ule wimbo ambao Kaka aliuacha nusu, tunauita "Paa". Bosi aliusikia mwaka jana kwenye kanda mbovu, akasema albamu nzima itasimama juu ya huo. Unaanza kwa gitaa peke yake, na gitaa hilo liko hotelini linapigia watu wanaotafuna. Tukaamua besi ianze. Nikaanza mara tatu. Mara tatu Radi aliingia kwake, Kinyozi kwake. Niligundua kwamba nimekaza macho sakafuni, pale Kaka alipokuwa anasimama. Pana doa la mafuta tu.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo nina mengi, na naandika nikiwa bado nimelowa, nacheka peke yangu.

Usiku wa jana mfereji ulijaa ukamwaga maji yote kwenye mashine ya kusaga. Mota imeungua. Jioni tulipofika, mwenye mashine alikuwa mlangoni na ndoo, suruali imekunjwa hadi magotini, anaitukana mvua kwa ufasaha ambao Kinyozi alisimama kuusikiliza. Tukampa pole, tukamsaidia kutoa magunia. Mimi nilikuwa na mabuti yangu ya mpira, kwa hiyo nilipewa sehemu yenye kina kirefu. Kisha tukapanda juu, tumelowa, tukasema angalau tupige wimbo mmoja.

Tukakaa. Kila mtu akainamia waya zake. Kimya.

Nikangoja. Kinyozi naye akangoja, kichwa kakiinamisha upande, sikio kalitega chini. Nikakaza waya wangu kidogo, nikaulegeza, nikaukaza tena. Kinyozi akapiga wake. Tulikuwa mbali kama mashariki na magharibi.

"Shuka," akasema.

"Panda wewe."

"Nipande kwenda wapi?"

Tukaendelea hivyo, mara juu mara chini, tunakodoleana macho. Hili halijawahi kutokea. Huwa tunakaa, tunanyamaza kidogo, tunakuwa tayari. Nikahisi kichwa changu kimepotelewa na kitu na sikijui.

Radi alikuwa nyuma ya dramu, fimbo mapajani, anatutazama. Dramu zake hazina waya, kwa hiyo miaka tisa yeye ndiye amekuwa akitutazama tukitafuta sauti. Ghafla akaanza kucheka. Radi hacheki, kwa hiyo tuliogopa.

"Mnaingoja mashine," akasema.

"Mashine gani?"

Akaelekeza fimbo sakafuni. "Ya kusaga. Kila siku mnakaa, mnaisikiliza, mnakaza hadi mlingane nayo. Alianza Kaka, ninyi mkamfuata. Nilidhani mnajua."

Nilitaka kubisha. Nikafungua mdomo, nikakumbuka kila jioni ya miaka tisa: vichwa vimeinama, chini mngurumo ule mzito usiokatika, Kaka anazungusha funguo za gitaa hadi uso unalainika, kisha anatikisa kichwa, kwamba sasa tumefika. Tulikuwa tunafika kwenye mota ya mtu! Tukishatyuni tunabeba magitaa hadi ukumbini kwa Bosi, na albamu nzima ya kwanza, ile iliyoandikwa gazetini kuwa ina "uzito wa ajabu", ilitulia pale ambapo mkanda wa mashine ya mahindi ulitulia.

Kinyozi alikaa juu ya spika. "Kwa hiyo yule dada hakuwa na homa," akasema.

"Homa ilikuwa yetu," nikasema. Haya ndiyo maneno magumu kuliko yote niliyoyasema mwaka huu.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwa Muuguzi na kanda yetu mkononi. Alikuwa ametoka zamu, macho mekundu, akanipa chai. Nikamweleza habari ya mashine. Hakucheka, na ningependa angecheka.

"Tuhakikishe kwanza," akasema. "Isije ikawa redio yangu ndiyo inayovuta miguu, inazungusha kanda polepole."

Akaweka kanda ya nyimbo za watoto, akaipigia kodiani juu yake. Vikashikana, hapapenyi hata sindano. Akaweka yetu, akapiga juu yake. Maziwa yakalala palepale. Mumewe alipita mlangoni, akakunja uso, akaenda zake.

"Nisamehe," nikasema. "Nilikutukana, na wewe ndiye uliyekuwa sawa."

"Mimi ni muuguzi. Nikikuta mtu yuko chini simgombezi, naandika tu." Akaninyooshea kikombe. "Lakini yale ya vichanga yaliniuma, Breki. Usirudie."

Nikaahidi. Jumamosi atakuja.

Jioni nikampigia Kaka, nikamwambia yote. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilidhani ni sikio langu." Halafu akaanza kucheka, nikacheka, tukacheka kama zamani, hadi akakumbuka yule mpiga piano na akaacha ghafla. Nilitaka kumwambia arudi. Sikusema. Naye hakuuliza chochote kuhusu bendi, na simu ilipokatika nilikuwa nimekasirika upya.

Jumamosi, 20 Aprili

Kuirekebisha bendi siyo kukaza waya tu. Tumekaza, Muuguzi anatoa noti, tunaifuata. Magitaa yanang'aa kama madirisha yaliyooshwa. Nilifurahi hadi tulipofika kwenye "Paa". Kinyozi alipanda kwenye ile sehemu ya juu kabisa, na sauti yake ikapasuka. Akarudia, ikapasuka tena. Kumbe miaka yote mashine ilikuwa inamshushia ngazi bila yeye kujua.

Alitoka nje, akasimama kwenye ngazi. Nikamfuata.

"Nilijua siku hii itakuja," akasema. Mara ya kwanza namsikia anaongea polepole. "Nimekuwa naimba nyumba ya kupanga. Mwenyewe kaja."

"Acha mashairi. Utapumzika, utajaribu tena."

"Sauti haina breki ya upande wa pili, Breki. Ikishuka imeshuka."

Nyuma yetu Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na kodiani tumboni. "Kwa nini mnataka kupanda?" akauliza. "Wimbo unaweza kuhamishwa wote. Ushusheni, chini kuliko hata mlipokuwa zamani. Mimi huku nina sauti nyingi za chini na hakuna anayeniomba."

Nikasema haiwezekani, Kaka aliutunga ule wimbo juu, gitaa lake lilikuwa linalia pale juu. Nikajisikia nikisema. Gitaa gani? La nani?

Tukaushusha. Tukaupunguza na mwendo, kwa sababu huko chini ulikuwa mzito, hautaki kukimbizwa. Kinyozi akaanza kwa woga, na ikatoka sauti ambayo sikujua anayo, nzito, yenye vumbi, sauti ya mtu mzima anayekuambia jambo la kweli. Kodiani ikawa inapumua chini yake. Haikuwa bendi ya Kaka tena. Ilikuwa bendi, na ilikuwa nzuri, na nikaona haya kwamba imenifurahisha.

Ila mwanzo bado ni wangu, na bado naukosea. Nikaanza, wakaingia kila mtu kivyake. Nikaanza tena, ovyo tena.

"Tupe mguu wako," akasema Radi.

"Nini?"

"Kaka alikuwa anatupa mguu. Wewe unauficha."

Kweli, nilikuwa nimeukunja chini ya kiti. Nikautoa. Nilikuwa bado nimevaa mabuti ya mvua, na buti la mguu ule limejaa tope hadi kifundoni. Nikalinyanyua, nikalishusha, pwaa, na wote watatu wakaingia mahali pamoja.

Jumanne, 30 Aprili

Daktari wa meno amevuka dimbwi. Alifumba macho, lakini amevuka.

Jumamosi, 4 Mei

Tumeanza kurekodi. Ukumbi una paa la bati, kwa hiyo tunapiga mvua ikinyamaza na tunakunywa chai ikiongea. Bosi ametega maiki zake, amevaa koti ndani ya nyumba. Nyimbo tatu zimeingia. Alipoiona kodiani hakusema neno. Baada ya wimbo wa kwanza aliondoa maiki moja iliyokuwa imeelekezwa kwangu akaisogeza karibu na Muuguzi. Kwa Bosi hiyo ni hotuba.

Jumatano, 8 Mei

Mapacha wamezaliwa, mvulana na msichana, wodini kwa Muuguzi. Ndiye aliyewapokea. Anasema msichana amelia kwa sauti safi kabisa, hakuna mashine iliyompotosha. Mama ameshakwenda mara mbili. Mimi nimetuma nguo.

Jumamosi, 11 Mei

Nyimbo saba. Chini, mwenye mashine ameleta mota mpya, inalia juu zaidi kuliko ile marehemu. Tulipokaa kutyuni nikaona sikio la Kinyozi linaanza kuinama kwa mazoea. Nikamtupia kitambaa. Muuguzi akatoa noti yake.

Jumamosi, 18 Mei

Hatukupata hata wimbo. Mvua ilitwanga bati kutwa nzima. Bosi anasema wenye harusi wameshakuja kupima ukumbi kwa kamba. Imebaki Jumamosi moja na wimbo mmoja, "Paa", na ndio ule anaoutaka kuliko yote.

Jumatano, 22 Mei

Kaka alikuja kwenye shule yetu ya udereva nikiwa nafundisha. Alisimama kando ya uwanja chini ya mwavuli wake hadi nikamaliza. Amekonda, macho ya mtu mwenye watoto wawili wachanga.

"Bosi kanisikilizisha nyimbo saba," akasema.

"Na?"

"Siwatambui." Akatazama viatu vyake. "Nilisikiliza yote nikitafuta mahali ambapo mngenihitaji. Sikupaona. Nilikasirika, Breki. Nikarudi nyumbani nikamwambia wifi yako, akasema, basi si ndicho ulichowaombea?"

Nilitaka kumwambia kwamba tulimhitaji kila mahali mpaka tukachoka. Nikamwambia hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Akatikisa kichwa.

"Hotelini sitoki," akasema. "Wale watoto wanakunywa maziwa kama trela linavyokunywa dizeli. Lakini Jumamosi mchana nina nafasi. Ile 'Paa' ni yangu nusu. Mkinitaka, nitakaa pembeni. Msiponitaka, nitakuja kubeba spika."

Nikasema nitawauliza wenzangu. Mimi, nimwulizie Kaka nafasi ya kupiga! Alipoondoka nilikaa ndani ya gari la shule nikalia kidogo, upande wa mwalimu.

Jumamosi, 25 Mei

Walikubali kabla sijamaliza sentensi. Radi alisema, "Aje," na Kinyozi akaeleza kwa nini, kwa muda mrefu.

Asubuhi kulikuwa kweupe. Wenye harusi walikuwa wameshateremsha viti, vimepangwa nje ukutani. Bosi akasema tunayo nafasi hadi saa kumi. Kaka aliingia akiwa na gitaa, akasalimia kila mtu, akampa Muuguzi mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa wanawe. Kisha akachukua kiti, akakiweka nyuma, karibu na Radi, mahali ambapo hajawahi kukaa. Mahali pake pa zamani ukumbini, pale mbele, alipapita.

Akainamia gitaa. Akanyamaza, kichwa upande, kama zamani. Akaanza kulegeza waya. Hapakuwa na mashine pale, ila naamini bado ilikuwa inanguruma kichwani mwake, ile iliyozama. Sote tulimwona. Mwenyewe akaacha. Akainua uso, masikio yamewaka, akamgeukia Muuguzi.

"Dada, naomba sauti," akasema.

Muuguzi akampa, noti moja ndefu, bila haraka, kama anavyowapa wale wasiotaka kulala. Kaka akapanda nayo hadi wakakutana.

Bosi akainua mkono. Mashine yake ya kurekodia ikaanza kuzunguka. Na hapo hapo, bila hata radi, mvua ikashuka juu ya bati.

Nikamtazama Bosi. Kila siku hukata mkono hewani, tukaenda kunywa chai. Safari hii alitazama paa, akatazama viti vya harusi vinavyolowa nje, akatazama kanda inavyozunguka. Mkono wake haukushuka. Akanikazia macho, kwamba basi, twende.

Mvua hiyo haikuwa ya kutwanga. Ilikuwa nzito na ya taratibu, na mwendo wake ulikuwa karibu na mwendo wetu. Nikautoa mguu mbele, buti na tope lake. Nilipoinua macho kuhakikisha wako tayari, Kinyozi alikuwa ananitazama mguu. Muuguzi pia, kidevu juu ya kodiani. Radi, fimbo juu. Na nyuma kabisa, kwenye kiti chake cha pembeni, Kaka alikuwa amejipinda upande ili Radi asimzibe, macho ameyakaza kwenye buti langu.

Miaka tisa. Nikalinyanyua. Nikalishusha.

Tuliupiga mara moja tu. Ulipoisha Bosi hakuzima mashine, akaiacha irekodi mvua kidogo. Kinyozi akanong'ona kwamba buti langu limeingia kwenye kanda, linasikika, tuurudie.

"Akiligusa mtu hilo buti," akasema Bosi, "nitamfukuza kwenye lebo."

Jumatatu, 27 Mei

Jua kali. Nimefua kila kitu, kamba imejaa. Mama kaingia akiwa na mwavuli wa Kaka, ameusahau ukumbini, Bosi kauleta. Kauliza nani ataupeleka.

Nimesema nitaupeleka mimi, na safari hii nitaingia ndani.